Malezi ya Mtoto Mchanga: Utaratibu wa Kunyonya na Kulala

Mtoto azaliwapo, nyumba hujaa furaha, na majirani huja kutoa hongera. Lakini wageni wakiisha kwenda zao, mama hubaki na kazi isiyo na Jumapili wala sikukuu. Saa sita ya usiku mtoto huamka, akanyonya, akalala. Saa nane huamka tena, na saa kumi hulia kana kwamba hajapata kitu tangu jana. Siku ya tano au ya sita mama huanza kuingiwa na shaka: pengine maziwa yake hayatoshi, pengine mtoto ana ugonjwa. Hapo mashauri huja kutoka kila upande. Mmoja husema apewe maji ya sukari, wa pili husema apewe uji mwepesi, na wa tatu husema aachwe alie mpaka achoke. Wote husema kwa nia njema, lakini baadhi ya mashauri hayo yaweza kumdhuru mtoto, na hata kumwua.

Somo hili laeleza jinsi mtoto mchanga anyonyavyo na alalavyo katika miezi 3 ya kwanza, na jinsi wazazi wawezavyo kumwongoza polepole kwenye utaratibu mwema bila ya kumnyima kitu anachokihitaji.

MTOTO MCHANGA HAJUI MCHANA WALA USIKU

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mtoto mchanga hana saa ndani ya mwili wake kama mtu mzima. Mtu mzima huona usingizi giza liingiapo, kwa sababu mwili wake umezoea kufuata jua. Mtoto bado hajajifunza jambo hilo. Akiwa tumboni alilala na kuamka bila kujali mchana wala usiku, na tabia hiyo huja nayo duniani. Mwili wake huanza kutofautisha mchana na usiku baada ya majuma 6 hadi 12 hivi, na watoto hawalingani.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika mwongozo wake wa mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya miezi 3 huhitaji usingizi wa saa 14 mpaka 17 katika kila saa 24. Mama aliyechoka akisikia hesabu hiyo aweza kucheka, maana kwake yeye mtoto haonekani kulala kamwe. Lakini hesabu ni ya kweli. Usingizi huo ni mwingi, ila umekatwakatwa vipande vipande, na kila kipande chaweza kuwa cha saa 2, au 3, au pungufu ya hapo. Sababu yake ni tumbo. Tumbo la mtoto ni dogo, na maziwa ya mama huyeyushwa upesi. Kwa hiyo njaa hurudi mapema. Basi mtoto aamkaye usiku hafanyi ukaidi, wala hajaharibiwa na mtu. Afanya kazi yake ya kukua.

KUNYONYA NDIKO KUNAKOTANGULIA

Mtu atakaye kumpangia mtoto usingizi kabla ya kuweka sawa kunyonya ni kama mtu aezekaye nyumba kabla ya kusimamisha nguzo. Yafaa mtoto awekwe kifuani mwa mama mara azaliwapo, na aanze kunyonya kabla ya saa moja kupita. Maziwa ya kwanza, yaitwayo dang'a, ni mazito na mara nyingi yana rangi ya manjano. Zamani katika sehemu nyingi yalikamuliwa na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa machafu. Hilo ni kosa kubwa. Dang'a ni chache, lakini ina nguvu nyingi ya kumkinga mtoto na magonjwa, tena humsaidia kutoa choo cheusi cha siku za kwanza.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 mpaka 12 katika saa 24, mchana na usiku pamoja. Mama asingoje mtoto alie ndipo ampe ziwa. Kilio ni dalili ya mwisho ya njaa, na mtoto aliaye sana hushindwa kulishika ziwa vizuri. Kabla ya kulia, mtoto hutoa habari kwa njia nyingine: hugeuza kichwa huku na huku kama atafutaye kitu, hufungua kinywa, hulamba midomo, na hupeleka mkono kinywani. Mama azijuaye dalili hizo humnyonyesha mtoto akiwa mtulivu, na kazi huwa nyepesi.

Anyonyapo, kinywa cha mtoto chapasa kufunguka sana na kushika sehemu kubwa ya ziwa, si chuchu peke yake. Kidevu chake kiguse ziwa, na tumbo lake lielekee tumbo la mama. Mama akiumia mfululizo, au chuchu zikipasuka, mara nyingi ni kwa sababu mtoto hakushika vizuri. Hapo mama amtoe polepole kwa kutia kidole safi pembeni mwa kinywa cha mtoto, kisha aanze upya. Mtoto aachwe amalize ziwa la kwanza, halafu apewe la pili akilitaka. Akiisha kunyonya, ainuliwe begani kidogo atoe hewa aliyoimeza.

Wako watoto wa namna nyingine, ambao hawasumbui hata kidogo. Hulala tu, na wazee husifu kwamba mtoto huyu ni mpole. Katika majuma mawili ya kwanza upole huo waweza kuwa hatari. Mtoto aliyezaliwa mdogo, au mwenye homa ya manjano, aweza kuwa mchovu hata asiweze kuamka kwa ajili ya njaa yake mwenyewe. Na kadiri asivyonyonya, ndivyo azidivyo kuchoka. Kwa hiyo, mpaka mtoto arudishe uzito aliozaliwa nao, asiachwe kupita saa 3 mchana wala saa 4 usiku bila kunyonya. Aamshwe kwa kufunuliwa nguo, kupapaswa nyayo, na kubadilishwa nepi.

JINSI YA KUJUA KAMA AMESHIBA

Mama hawezi kupima maziwa yaliyomo kifuani mwake, lakini aweza kupima kazi yaliyoifanya. Vipimo ni vitatu, na havihitaji fedha.

Cha kwanza ni mkojo. Siku ya kwanza mtoto hukojoa mara chache tu, lakini kuanzia siku ya 5 yapasa alowanishe nepi 6 au zaidi katika saa 24, na mkojo uwe mweupe, usiwe wa rangi ya chai.

Cha pili ni choo. Siku za kwanza choo huwa cheusi na chenye kunata kama lami. Kisha hugeuka kuwa kijani. Na siku ya 5 hivi huwa cha manjano na laini. Choo kikikaa cheusi kupita siku ya 5, mtoto apelekwe zahanati, maana huenda hapati maziwa ya kutosha.

Cha tatu ni mizani. Karibu watoto wote hupungua uzito siku za kwanza, na hilo si ajabu. Lakini mtoto mzima hurudisha uzito wake kabla ya majuma 2 kwisha, na baada ya hapo huongezeka gramu 150 mpaka 200 hivi kila juma. Kwa sababu hiyo mama asikose kumpeleka mtoto kliniki kupimwa, na asisahau kuchukua kijitabu cha afya ya mama na mtoto.

Mtoto mwenye vipimo hivyo vitatu vyema ameshiba, hata kama alia usiku. Kulia peke yake hakuthibitishi kwamba maziwa ya mama yamepungua.

MAFUNDISHO YA KUFUATA SAA

Zamani mama wengi walifundishwa kunyonyesha kwa kufuata saa ya ukutani. Mwalimu mkuu wa mafundisho hayo alikuwa Frederic Truby King, mganga wa New Zealand, ambaye mwaka 1907 alianzisha chama cha kusaidia mama na watoto katika mji wa Dunedin. King alisisitiza usafi na maziwa ya mama, na kwa hayo alifanya mema mengi. Lakini pia alifundisha kwamba mtoto anyonyeshwe kila baada ya saa 4, na usiku asipewe kitu hata akilia. Mafundisho hayo yalienea Uingereza na katika nchi zilizokuwa chini yake.

Baadaye waganga waliona kwamba sheria hiyo hailingani na maumbile. Ziwa hutengeneza maziwa kwa kadiri linyonywavyo: likinyonywa sana hutoa sana, na likinyonywa kidogo hupunguza. Tena, homoni iletayo maziwa, iitwayo prolaktini, huwa nyingi zaidi usiku. Basi mama aliyekatiza kunyonyesha usiku katika majuma ya kwanza aliona maziwa yakipungua, akadhani ana upungufu wa kuzaliwa nao, kumbe ni saa ya ukutani iliyoyakausha. Mwaka 1946 mganga wa Marekani, Benjamin Spock, alitoa kitabu kilichowaambia wazazi wamtazame mtoto wao na wasiwe watumwa wa ratiba, na tangu wakati huo mafundisho ya zamani yaliendelea kuachwa.

Hapa yafaa kusema neno juu ya methali isemayo, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Wako watu waitumiao kumzuia mama asimchukue mtoto mchanga aliaye. Lakini methali hiyo yahusu mtoto mwenye akili, ambaye aweza kufundishwa jema na baya. Mtoto wa majuma 6 hana hila. Hulia kwa sababu ana njaa, au ameloa, au aona joto au baridi, au ataka kushikwa. Na kwa kuitikiwa hajifunzi ukaidi, bali hujifunza kwamba ana watu.

KUMZOESHA MCHANA NA USIKU

Ijapokuwa mtoto hawezi kufuata saa, aweza kufuata mpango. Mpango maana yake ni mambo yale yale kuja kwa kufuatana vile vile kila siku. Wazazi waweza kuanza hivi tangu juma la pili au la tatu.

Mchana uwe mchana. Asubuhi madirisha yafunguliwe, mwanga uingie, na mtoto atolewe nje kidogo kivulini. Watu wa nyumbani wasinong'one kwa sababu ya mtoto. Sauti za kazi, kuku, na watoto wengine zimzoeshe kwamba huu ni wakati wa kuwa macho. Anyonyapo mchana, mama amwangalie usoni na kuzungumza naye.

Usiku nao uwe usiku. Taa iwe hafifu. Mtoto anyonyeshwe bila maneno mengi wala michezo, na nepi ibadilishwe ikiwa ana choo au ameloa sana. Akiisha, arudishwe mahali pake. Wenye simu wasiwashe mwanga wake usoni mwa mtoto.

Kila aamkapo mchana, mambo yafuatane hivi: kuamka, kunyonya, kusafishwa, kuongeleshwa kidogo, kisha kulala. Katika majuma ya kwanza mtoto hawezi kukaa macho kwa raha zaidi ya muda wa saa moja hivi. Kwa mfano, mtoto aliyeamka saa kumi na mbili asubuhi aweza kunyonya kwa nusu saa, akabadilishwa, akatazamana na mama yake, na kabla ya saa moja kufika akaanza kupiga miayo, kufikicha macho, au kugeuza uso. Hiyo ndiyo saa ya kumlaza. Akicheleweshwa mpaka achoke mno, hulia na usingizi humkimbia.

Jioni kuwe na desturi fupi isiyobadilika: kuogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, kuvishwa, kunyonya, na wimbo wa kubembeleza. Kwa kurudiwa kila siku, mambo hayo huwa kama kengele imwambiayo mtoto kwamba usiku umefika.

Mama asishangae jioni zikiwa ngumu. Kati ya saa kumi na moja na saa nne za usiku watoto wengi hutaka kunyonya mara kwa mara, na hulia zaidi kuliko wakati mwingine. Kilio hiki huongezeka mpaka majuma 6 hivi, kisha hupungua, na wengi hutulia wafikapo miezi 3 au 4. Kumbeba mtoto kifuani na kutembea naye polepole husaidia. Lakini ikiwa mwenye kumbeba amefika mwisho wa uvumilivu, amlaze mtoto mahali salama, atoke nje dakika chache, na amwite mtu mwingine. Mtoto mchanga asitikiswe kamwe, hata mara moja. Kutikiswa huumiza ubongo, na kwaweza kumpofusha au kumwua.

MAHALI PA KULALA

Mtoto alazwe chali kila mara, mchana na usiku. Zamani watu walidhani kwamba mtoto alazwaye chali atapaliwa akicheua, na wengi waliwalaza kifudifudi. Mwaka 1991 katika Uingereza, na mwaka 1994 katika Marekani, watu walianza kufundishwa kuwalaza watoto chali, na vifo vya ghafula vya usingizini vilipungua sana katika nchi hizo.

Godoro liwe gumu na shuka lisilegee. Usiwepo mto, wala blanketi zito, wala rundo la nguo karibu na uso wake. Mtoto alale chumba kimoja na mama yake, chini ya chandarua chenye dawa panapokuwa na mbu. Ikiwa hana kitanda chake na hulala pamoja na mama, yapasa kujihadhari: asilazwe kati ya watu wawili, wala pamoja na mtu aliyekunywa pombe au avutaye sigara, na mtu asisinzie naye juu ya kochi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati yu katika hatari kubwa zaidi, na afadhali alale mahali pake peke yake, karibu na mama.

Katika nyanda za juu na mijini baridi huwafanya watu waingize jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha. Jiko hilo hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo imekwisha kuua jamaa nzima usingizini. Mtoto avikwe nguo na kofia, na jiko lilale nje.

ASIPEWE KITU KINGINE

Katika miezi 6 ya kwanza mtoto asipewe cho chote isipokuwa maziwa ya mama, na dawa aliyoandikiwa na mganga. Asipewe maji, hata siku ya joto, maana maziwa ya mama yana maji ya kutosha. Asipewe maji ya sukari, wala uji ili "alale vizuri". Uji hujaza tumbo dogo bila kumlisha vyema, hupunguza kunyonya, na pamoja na maji yasiyo safi huleta kuhara. Mtoto aharaye hukauka upesi. Utosi wake ukibonyea, huo si ugonjwa wa utosi wa kupakwa dawa, bali ni dalili ya kupungukiwa na maji, naye apelekwe hospitali mara moja.

Hatari hii yajulikana tangu zamani. Mwaka 1939 Dakta Cicely Williams, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Afrika ya Magharibi, alihutubia watu huko Singapore akilaumu vikali biashara ya kuwashawishi mama waache kunyonyesha na kutumia maziwa ya makopo. Mwaka 1981 mataifa yalikubaliana juu ya kanuni za kuzuia matangazo ya namna hiyo, na mwaka 2012 Kenya ilipitisha sheria yake yenyewe. Mama wa Kenya wamesikia. Utafiti wa taifa wa mwaka 2008-09 ulionyesha kwamba watoto 32 katika kila 100 wa chini ya miezi 6 walipewa maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2014 walifika 61, na mwaka 2022 walikuwa 60.

Mama aliye na virusi vya UKIMWI naye aweza kunyonyesha akitumia dawa zake bila kukosa, kwa maongozi ya kliniki. Mama mwenye kazi ya mshahara hupewa na sheria ya mwaka 2007 likizo ya miezi 3. Arudipo kazini aweza kukamua maziwa katika chombo safi, na mtoto akanyweshwa kwa kikombe.

MAMA NAYE NI WA KUTUNZWA

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mama wa arobaini hawezi kunyonyesha usiku kucha na kulima mchana kutwa. Mtoto alalapo mchana, mama naye alale, na vyombo vingoje. Baba aweza kubadilisha nepi, kumtoa mtoto hewa, kuchota maji, na kumbeba jioni mama apate kulala kidogo. Wa-Swahili wa pwani walimwekea mzazi siku arobaini za kupumzika, na watu wa bara humpikia uji na njahi. Desturi hizo zina hekima na zafaa kushikwa. Mama akiwa na huzuni isiyokwisha kwa majuma 2, au akikosa usingizi hata mtoto alalapo, asiambiwe ajikaze. Huo ni ugonjwa wenye matibabu, na yapasa apelekwe kwa mganga.

WAKATI WA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mtoto mchanga apelekwe hospitali bila kungoja asubuhi akiwa na lo lote katika haya: amekataa kunyonya, au hawezi kuamshwa; ana kifafa; apumua mara 60 au zaidi kwa dakika, au kifua chabonyea apumuapo; mwili ni moto kwa kipimo cha 37.5 au zaidi, au umekuwa baridi chini ya 35.5; ngozi imekuwa ya manjano siku ya kwanza, au manjano imefika viganjani na nyayoni; au kitovu ni chekundu na chatoa usaha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mtoto mchanga huamka mara nyingi usiku?
2. Taja dalili tatu za njaa zitanguliazo kilio.
3. Mtoto wa siku 7 amelala saa 5 bila kunyonya, na majirani wamsifu kwa upole. Mama afanye nini?
4. Nepi ngapi zilizolowa huonyesha kwamba mtoto wa siku 6 ameshiba?
5. Mtoto alazwe namna gani, na kwa nini jiko la makaa lisiingizwe chumbani?

Wasomaji wanaojua kusoma wawasomee somo hili jirani wasiojua, hasa wakunga na mabibi, kwa maana wao ndio waulizwao kwanza usiku mtoto aliapo.